NGUVU KATIKA UDHAIFU

Nasema nanyi kutoka Mwadui, katika nchi ya Shinyanga, na habari niliyo nayo leo ni habari ya udhaifu. Kila mtu aujua udhaifu kwa mwili wake mwenyewe, walakini ni wachache wapendao kuutaja mbele ya watu. Mtume Paulo aliutaja, tena akajisifia. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, mlango wa 12, alieleza kwamba saa ile ya kulegea kwake ndiyo saa aliyoziona nguvu. Neno hilo huonekana kama fumbo. Nataka tulifumbue pamoja, tuone lina maana gani kwetu sisi tukaao kati ya almasi na dhahabu.

Kwanza yafaa tuujue mji wa Korintho, maana barua haieleweki vema asipojulikana aliyeandikiwa. Mji ule ulikuwa katika nchi ya Wayunani, mahali ambapo nchi kavu ni nyembamba sana, bahari huku na bahari huku, nao ulikuwa na bandari mbili. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, ukakaa magofu yapata miaka mia, hata Julius Caesar akaamuru ujengwe tena mwaka 44 kabla ya Kristo. Wengi wa wakaaji wake wapya walikuwa watu waliotoka utumwani, wakapata uhuru wao, wakaja kutafuta mali. Kwa ajili hiyo hapakuwa na heshima ya kurithi. Heshima ilipimwa kwa fedha, na kwa ufasaha wa kusema hadharani.

Huku kwetu twaweza kuufahamu mji wa namna hiyo bila taabu. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, alipozigundua almasi za Mwadui mwaka 1940, mbuga iliyokuwa ya mibuyu na ng'ombe iligeuka kuwa mji. Na kule Geita dhahabu imewavuta watu vivyo hivyo, wakaja Wasukuma na Wanyamwezi, Waha, Wahaya, Wazinza na wengine wengi kutoka mbali. Mahali kama hapo mgeni haulizwi jina la babu yake wala ukoo wake. Huulizwa amepata nini. Mwenye nacho hupewa kiti, na asiye nacho husimama mlangoni.

Basi Paulo aliingia Korintho akiwa fundi wa kushona hema, akifanya kazi kwa mikono yake. Akakaa huko mwaka mmoja na nusu, akafundisha, kanisa likasimama. Alipoondoka wakaja wahubiri wengine, wasemaji hodari, wakajisifu kwa elimu yao na kwa maono yao. Wakamdharau Paulo, wakasema kwamba barua zake ni nzito, lakini ukimwona mwenyewe ni mtu mnyonge, na maneno yake si kitu. Wakorintho wengine wakaanza kuwasadiki.

Paulo akalazimika kujibu, na jibu lake ni la ajabu. Katika mlango wa 11 alianza kuhesabu mambo yake kama mtu ahesabuye ushindi wake. Walakini mambo yenyewe ni mapigo, kufungwa, njaa, baridi, na kuvunjikiwa na merikebu mara tatu. Mwisho akasimulia jinsi alivyoteremshwa ndani ya kapu kupitia dirisha la ukuta wa Dameski, usiku, akiwakimbia waliotaka kumkamata. Ili tuuone uzito wa habari hiyo, yatupasa kujua desturi ya Warumi. Askari aliyekuwa wa kwanza kuupanda ukuta wa mji wa adui alipewa taji ya dhahabu. Paulo hakuupanda ukuta. Yeye alishushwa kama mzigo wa samaki, naye ndiyo habari aliyoichagua kuwasimulia watu waliopenda mataji.

Ndipo akataja mwiba. Alisema kwamba alipewa mwiba mwilini, ili asije akajivuna. Mwiba huo ulikuwa nini? Wengine wamesema ni ugonjwa wa macho, wengine homa, wengine adui zake. Paulo mwenyewe hakusema, na huenda ni vema, maana kila asomaye aweza kuutia mwiba wake mwenyewe mahali pale. Alimwomba Bwana mara tatu amwondolee. Akajibiwa kwamba neema ya Mungu yamtosha, kwa kuwa uweza wa Mungu hufikia utimilifu wake pale ambapo mwanadamu amefika mwisho wa nguvu zake. Mwiba haukuondoka. Paulo akaendelea na safari, na mwiba ukiwa ndani.

Ndugu zangu, hapa Mwadui tuna mfano wa jambo hili chini ya miguu yetu. Almasi ni kitu kigumu kuliko vitu vyote vya asili duniani. Zilifanyika chini sana ya ardhi, kilomita 150 na zaidi, kwa joto kali na uzito mkubwa wa miamba iliyozilalia. Je, zilipandaje juu? Zilibebwa na mwamba ulioyeyuka, uliopasua njia hata ukafika juu, nasi leo twauita kimberliti. Mwamba huo wa Mwadui ni miongoni mwa mikubwa kupita yote duniani, maana eneo lake juu ya ardhi lapata hekta 146. Lakini si mwamba imara. Ukipigwa na jua na mvua hulainika na kumeguka, hata ukawa udongo tu. Mtu asiyejua aweza kulima mtama juu yake asitambue neno. Tena almasi ndani yake ni chache mno. Tani 100 za mwamba hutoa karati chache tu, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu.

Basi kitu kigumu kuliko vyote kilikuja kwetu kimebebwa na kitu kimeguacho. Paulo alitumia mfano ulio karibu na huo katika mlango wa 4 wa waraka huo huo, alipowafananisha waamini na vyombo vya udongo vyenye hazina ndani. Vyombo vya udongo vilikuwa vitu vya bei rahisi, vikivunjika vilitupwa nje, kama tufanyavyo sisi na chungu kilichopasuka. Paulo alitaka watu wajue kwamba thamani ni ya hazina, wala si ya chungu.

Lakini sisi waalimu tunajua kwamba mfano si ushahidi. Mwanafunzi mwenye akili ataniuliza, “Mwalimu, maneno hayo ni mazuri, je, yamepata kuonekana kwa watu wa nchi zetu?” Swali lake ni la haki. Nami nitamjibu kwa habari ya Rabai, karibu na Mombasa.

Mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine, wakitumwa na chama cha misioni cha Uingereza. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosine akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akafa pia. Krapf akabaki peke yake, naye mgonjwa. Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakapanda kwenda Rabai kuanza kazi. Siku ile wote wawili walikuwa wanaumwa homa, wamelegea mno. Krapf mwenyewe aliandika baadaye kwamba ni nadra kazi ya misioni kuanzwa katika unyonge kama ule.

Je, ni nani aliyekuwa mtu wa kwanza wa Rabai kuipokea imani na kubatizwa? Hakuwa mzee wa kaya, wala tajiri, wala kijana hodari. Alikuwa Mringe, mtu aliyelemaa mwili, naye alibatizwa akiwa karibu ya kufa. Mtu wa dunia angesema kwamba miaka yote ile, na makaburi yale, vimezaa mtu mmoja mlemavu, naye amekwenda zake.

Rebmann alikaa Rabai hata mwaka 1875, yaani miaka 29. Yeye ndiye aliyeuona Kilimanjaro mwaka 1848 akaandika kwamba una theluji, na wataalamu wengine wa Ulaya wakamcheka. Pamoja na hayo aliandika maneno ya lugha za watu. Kamusi yake ya lugha ya Kinyasa ilichapishwa mwaka 1877, na maneno yake aliyapata kwa mtu mmoja aliyekuwa mtumwa, jina lake Salimini. Tazameni, mtumwa ndiye aliyekuwa mwalimu, na msomi ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Hata mwisho macho ya Rebmann yakapofuka. Akarudishwa kwao Ujerumani, akafa mwaka 1876, na Wakristo aliowaacha Rabai walikuwa wachache, waweza kuhesabiwa bila shida.

Walakini kijiji kile hakikufa. Watumwa waliokimbia mashamba ya pwani walisikia kwamba Rabai mna watu watakaowapokea, nao wakakimbilia huko, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Mwanzoni mwa mwaka 1889 watumwa watoro zaidi ya 1,000, waliokuwa wamejificha Rabai na katika vituo vingine vya misioni, walipewa hati zao za uhuru. Mahali palipoanzwa na wagonjwa wawili, na palipokuwa na mlemavu kuwa mzaliwa wa kwanza wa imani, pamekuwa kimbilio la watu wasio na nguvu. Sisemi kwamba taabu ya Rebmann ilikuwa njema kwa sababu hiyo. Nasema kwamba kazi ile haikuwa na nguvu ya fedha, wala ya askari, wala ya afya, na hata hivyo ilisimama. Msomaji wa Wakorintho ajua jina la nguvu hiyo.

Sasa yapasa nionye, maana neno hili jema laweza kutumiwa vibaya. Wako watu wamwambiao mgonjwa, “Neema yakutosha, usiende hospitali.” Hao hawakumsoma Paulo. Paulo aliomba aponywe, tena hakuomba mara moja. Na rafiki yake katika safari, Luka, alikuwa tabibu. Kuomba msaada si upungufu wa imani. Mwenye homa na apimwe, mwenye kifua kikuu na amalize dawa zake zote, na mchimbaji apumuaye vumbi la mawe asione haya kusema kwamba kifua chamuuma.

Wengine tena humwambia maskini kwamba unyonge wake ni fungu lake kutoka kwa Mungu, basi anyamaze. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi hapa Mwadui ulibomoka, tope likatoka nje likafunika mashamba na kuingia nyumbani mwa watu. Je, mtu aliyepoteza shamba lake aambiwe tu kwamba Mungu hutia nguvu walio dhaifu, kisha tuende zetu? Mtume Yakobo, katika mlango wa 2 wa waraka wake, amewakemea wale wamwagao maneno matamu juu ya mtu aliye uchi na mwenye njaa, wasimpe kitu. Ahadi ya Mungu kwa mnyonge haimwondolei mwenye nguvu deni lake. Mtu aweza kulisema neno la Paulo juu ya mwiba wake mwenyewe. Juu ya mwiba wa jirani, kwanza alete koleo ya kuung'oa.

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya nilichague somo hili. Katika nchi zetu hizi za Shinyanga, Mwanza na Geita, watu wametafuta nguvu kwa njia iliyo kinyume kabisa cha ile ya Paulo. Hasa tangu miaka ya 2007 na 2008, dunia nzima ilisikia habari za kuuawa na kukatwa viungo kwa ndugu zetu wenye ualbino. Wapiga ramli waliwadanganya watu kwamba kiungo cha mtu huyo humtajirisha mchimbaji, nacho huvuta samaki katika nyavu za mvuvi. Mchimbaji aliyekaa miezi duarani bila kupata dhahabu, mwenye madeni na watoto wenye njaa, aliambiwa kwamba bahati yake imo katika mwili wa mtoto wa jirani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana wa miaka 14, na mwaka 2015 Serikali ikatangaza vita juu ya wapiga ramli. Lakini hukumu ya mahakama hufika baada ya kaburi. Yafaa neno lifike kabla.

Hali kadhalika wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, wakiitwa wachawi. Kila mama wa Usukumani ajua sababu ya wekundu ule. Miti ni michache mbugani, basi watu hupikia samadi ya ng'ombe na mabua, na moshi wa miaka hamsini huyachoma macho. Yule bibi aliyeyaharibu macho yake kwa kuwapikia watoto na wajukuu alihukumiwa kwa ushahidi wa macho yale yale.

Na ualbino ni nini? Si laana, wala si mzimu. Mtoto hurithi jambo hilo kwa baba na kwa mama pia, ingawa wao wenyewe ni weusi na hawajui kwamba wanalo. Rangi iikingayo ngozi na jua imepungua, na macho hayaoni mbali. Basi mahitaji yake ni kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua kama yale yatengenezwayo katika hospitali ya KCMC kule Moshi, na kiti cha mbele darasani apate kuona ubao. Mtoto apewaye hayo husoma kama wenzake. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa Mbunge, na mwaka 2010 Salum Bar'wani alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kuwa Mbunge wao, nao wote wawili ni watu wenye ualbino. Wala tusiwaite tena kwa lile jina la zamani la dharau. Waitwe kwa majina yao waliyopewa na wazazi wao.

Hapa Shinyanga, katika shule ya Buhangija, watoto wengi wenye ualbino walipelekwa kuishi ili wawe salama, pamoja na wenzao wasioona na wasiosikia. Tafakarini jambo hilo, ndugu zangu. Mtu mzima mwenye panga alimwogopesha mtoto, na kumbe aliyeshikwa na hofu zaidi ni mwenye panga. Aliogopa umaskini, akaogopa kuchekwa na wenzake, akaogopa kurudi kwao mikono mitupu. Hakuweza kuuvumilia udhaifu wake mwenyewe, basi akautupa juu ya mtu mwingine. Huo ndio mwisho wa nguvu isiyokubali kwamba ina mpaka.

Maandiko yatufundisha njia nyingine. Katika kitabu cha Waamuzi, mlango wa 7, Gideoni alikuwa na watu 32,000, na Mungu akasema ni wengi mno. Walioogopa 22,000 wakaruhusiwa kwenda kwao. Kisha katika 10,000 waliobaki wakachaguliwa 300 tu. Tazameni kwamba wale waoga hawakupigwa wala hawakuuawa. Waliruhusiwa kusema kwamba wanaogopa, wakarudi kwao. Laiti kila mchimbaji angekuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaogopa, kabla hajamwendea mpiga ramli!

Nawaambia basi wachimbaji: mkikaa jioni kando ya moto, msimcheke aliyekosa. Mwacheni aseme madeni yake, na akitaka kurudi nyumbani, mchangieni nauli. Hiyo ni kazi ya Injili hata kama hapana aliyeimba wimbo. Nanyi wanafunzi, mtakapomwona mwenzenu akiinamia daftari lake kwa sababu haoni ubao, msomeeni yaliyoandikwa. Wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika, nao walikuwa wakituonya tusimdharau mlemavu, maana mwili wetu wenyewe bado haujamaliza safari yake. Na wewe usikilizaye ukiwa kitandani, mwenye mwiba ambao umeuombea mara tatu na zaidi, usidhani kwamba hukusikiwa. Endelea kuomba, endelea kunywa dawa, na wapokee wale wajao kukuinua. Huenda neema iliyokutosha leo ilifika kwa mikono yao, ikiwa na bakuli la uji.

Wanafunzi na waufungue waraka huo jioni hii, wausome kwa sauti mlango wa 11 na wa 12, na kila nyumba yenye bibi mzee mwenye macho mekundu na imkaribishe aketi penye nafasi njema kuliko zote, mbali na moshi, apate kusikiliza.

Kwaherini, na Mungu awatie nguvu.